Sisimizi wa Maziwa ya Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane niliidanganya mizimu ya ukoo na daktari wa hospitali kwa mkupuo mmoja. Leo nina digrii ya biolojia, sina kazi, na sijafanya tena experiment iliyobeba uhai wa mtu.

Tuliishi Nyarugusu. Baba alichimba dhahabu kwenye duara, shimo la mtu mwingine, mama akiwapikia wachimbaji. Alipomzaa mdogo wangu Masanja, hata mwezi haujaisha miguu ikamvimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Akawa halali chali. Alilala ameketi, ameegemea gunia la pumba, anakohoa kama mtu aliyemeza vumbi la karasha la kusagia mawe. Zahanati wakampa dawa za malaria, as usual. Majirani wakanong'ona kwamba baba kamtoa kafara apate dhahabu. Dhahabu ipi? Tulikuwa tunashindia dagaa.

Bibi, mama yake baba na mganga wa ukoo, akaja kutoka Shinyanga na jibu lake tayari.

“Ni maziwa,” alisema. “Yamechezewa na mtu. Badala ya kushuka kwa mtoto yanapanda kifuani. Mwachishe.”

Baba akampeleka mama hospitali Geita, sisi wote nyuma. Daktari akasema moyo umetanuka na kuchoka kwa sababu ya ujauzito. Akaandika vidonge, vingine vya kutoa maji mwilini, kisha akaongeza, “Na uache kunyonyesha, moyo upumzike.”

Bibi alitoka pale kama mbunge aliyepita bila kupingwa. “Si nilisema? Hata msomi kaona.”

Mama alisimama mara tatu kupumua kabla hatujafika getini. “Mganga na daktari wakikubaliana,” alisema, “ujue hakuna aliyemuuliza mwenye maziwa.”

Alikuwa na sababu. Kabla ya Masanja kulikuwa na Limi, mdogo wangu mwingine. Limi aliachishwa mapema, akapewa maziwa ya ng'ombe na uji wa maji yetu yale ya kisimani, na kuhara kukammaliza.

“Mayu,” mama alimwambia mkwewe kwa heshima tulipofika nyumbani, “Limi mliniambia atazoea. Alizoea kaburi.”

Bibi hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. “Basi tuyapime, Mama Kabula. Yakiwa mazuri, nitanyamaza.”

Kipimo chenyewe kilikuwa hiki: maziwa ya mama yanakamuliwa kwenye kisosi, anatumbukizwa sisimizi, mizimu ya ukoo ijibu kupitia kwake. Akitoka mzima, mtoto anyonye. Akifa, ziwa limeharibika. Mimi ndiye niliyetumwa kutafuta sisimizi, kwa kuwa mtoto hana hila. Seriously, ndivyo walivyoamini.

Nikaona kitu jikoni. Kibuyu cha maziwa ya ng'ombe kilikuwa tayari kimefunikwa, na kikombe kidogo cha Masanja pembeni. Mtu anayengoja majibu ya kipimo hanunui dawa kwanza. Nikakamata sisimizi wadogo wa kwenye sukari, nikajificha nyuma ya choo. Mmoja nikamtia kwenye uji: akafa. Mwingine kwenye maziwa ya kile kibuyu: akafa. Wa tatu kwenye maji matupu: akafa. Sikulijua neno control, lakini nilielewa kwamba mama alikuwa ameshahukumiwa. Nikapanda mti wa jirani, nikashuka na sisimizi mweusi wa miguu mirefu, mwenye hasira kama mimi saa ile.

Aliyavuka yale maziwa, akapanda ukingo wa kisosi, akaondoka zake.

Bibi alinitazama mimi, hakumtazama sisimizi. “Huyu umemtoa wapi, ng'wanawane, mwanangu?”

“Nje, bibi.”

“Nje kubwa.”

Akanyamaza kama alivyoahidi. Mama akanyonyesha, na vidonge akameza bila kuruka hata siku moja. Nami nikaanza kuhesabu pumzi zake, maana kama bibi na daktari walikuwa sahihi, muuaji ni mimi. Ilichukua miezi. Miguu ikasinyaa, akaweza kulala chali. Tuliporudi Geita kupima moyo, daktari akafurahi.

“Uliacha kunyonyesha, eeh?”

“Niliacha, daktari,” alisema mama, na Masanja mapajani anamfungua vifungo vya blauzi.

Nimesoma mengi tangu hapo. Nilichokuta ni kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana: wapo wanaokataza, wapo wanaosema wanyonyeshao hupona kama wengine, mradi dawa zichaguliwe vizuri na mgonjwa afuatiliwe. Sample yangu ilikuwa ya mtu mmoja, na niliichakachua.

Ningeishia hapo kama si mama. Mwaka huu Rehema, mpangaji wetu, amejifungua, miguu imemvimba vilevile. Nilimkuta mama kaketi naye, ana kisosi cha maziwa ya Rehema mkononi. “Mdudu akitoka, nyonyesha tu mwanangu. Mimi moyo wangu ulipona hivyo.” Vidonge hakuvitaja. Uongo wangu wa nyuma ya choo umekuwa mila, mama ndiye mganga wake, na nasikia Rehema si wa kwanza.

Nikasema yote, mbele yao. Nikamwambia Rehema aende hospitali leo hii, ameze anachopewa, na habari ya kunyonyesha amuulize daktari mpaka aeleweke.

Mama alimwaga yale maziwa, akaingia ndani.

Rehema akanikagua kuanzia kandambili kwenda juu. “Dada Kabula, mama yako kapona, anatembea. Wewe na vyeti vyako hata kazi huna. Nimwamini nani?”

Nikaenda barabarani kumwita bodaboda, nikarudi kumbebea mtoto. Rehema alipanda, nami nyuma yake, lakini alikataa kunipa mtoto. Alimkumbatia mwenyewe njia nzima, ananitazama kwa jicho la pembeni. Nilimwacha anishuku, ilimradi tunakwenda hospitali.