Tawi la Pichi ya Kienyeji

Pichi iliyopondeka ndani ya tenga ina harufu kali na tamu, kama vile inataka kugeuka pombe, na kila nikiisikia kwenye meza yangu ya matunda hapa Msamvu narudi mlimani moja kwa moja. Naona ukungu juu ya matuta ya kabichi, na mikono inaanza kuwasha kwa yale manyoya ya pichi. Nilikuwa na miaka kama tisa. Masika ya mwaka ule udongo uliporomokea nyumba yetu karibu na Mlali, ukamchukua mama, mimi wakanitoa kwa kunivuta mguu. Baba yangu, Beatusi, na namtaja kwa sababu hajawahi kuniomba radhi, alinipandisha mlimani kwa dada yake, akala ugali, akashuka. Nilimwona tena nikiwa na watoto wangu.

Huyo dada yake ndiye shangazi Filomena. Kwetu Uluguru mtoto ni wa tumbo la mama, yaani ukoo wa mama, na mama yangu alikuwa mtu wa kuja, Mwislamu, ndugu zake wako mbali huko pwani. Kwa hiyo nilikuwa na shangazi, nilikuwa na binamu sita, ila tumbo sikuwa nalo. Filomena hakunificha hilo. Alinitoa shule darasa la tatu nikamlimie bustani, na akiita watoto kula alisema, "Wetu njooni, na huyo naye." Hata hivyo alinipeleka mafundisho ya ubatizo, maana padri alikuwa anauliza.

Mwalimu wa dini aliitwa Kasimiri, mwembamba, mwepesi wa hasira, mtu aliyependa miti yake ya pichi pale misheni kuliko alivyotupenda sisi. Alitufundisha kwamba Mungu alichagua tumbo moja, Wayahudi, akawapa ahadi, na watu wa mataifa mengine wakawa nje mpaka Kristo alipowafungulia mlango. Mimi nilielewa palepale: Wayahudi ni akina Filomena, mataifa ni mimi. Binamu zangu walielewa hivyohivyo, wakakaa vizuri zaidi kwenye benchi. Kisha akasema mtume Paulo amelifananisha jambo hilo na mzeituni wa shambani, uliokatwa baadhi ya matawi yake, likabandikwa pale tawi la mwituni nalo likanywa utomvu wa mzizi uleule. Mzeituni hatukuujua, lakini kubebesha miche, kuunga tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, tulikujua wote, ndiyo kazi yetu. Nikanyoosha mkono nikasema Paulo amekosea. Tawi zuri ndilo linalobebeshwa juu ya shina la kienyeji. Ukifanya kinyume umeharibu mti. Darasa lilicheka mpaka Kasimiri akagonga meza. Nikangoja fimbo.

"Paulo mwenyewe amesema ni kinyume," akasema. "Mkulima anayetafuta faida hafanyi hivyo. Anafanya mwenye huruma. Kesho niletee tawi la kienyeji."

Ilikuwa mwisho wa baridi, macho ya miti yakiwa bado yamelala. Alikata tawi moja zuri la mpichi wa misheni, akachanja, akachomeka langu la mpichi uliojiotea jalalani, akalifunga kwa utepe wa nailoni. Filomena akafika, kanga kiunoni. Lazima niseme kwamba kwa desturi yetu mtoto wa ubatizo hushikwa mkono na mwanamke wa tumbo lake mpaka mlangoni mwa kanisa, na mimi sikuwa na wa kunishika. Asiyeshikwa alirudishwa nyuma, mwaka mwingine. Filomena aliangalia ule mti akasema mbele ya watu, "Mwalimu, umekata letu ukaweka hilo takataka? Likishika, huyu nitampeleka kwa mkono wangu. Likikauka, asubiri watu wake."

Kasimiri akasema amesikia, na mlima mzima umesikia. Lile tawi zuri lilikuwa bado chini. Nikamwambia tuwape mbuzi walile. Akaliokota, akalichonga, akalibebesha tena kwenye mti uleule, upande wa chini. "Hili ni la hapa hapa," akasema. "Unadhani mwenye mti amelisahau?"

Kila asubuhi nikienda mferejini nilipita pale. Niliomba langu lishike, na niliomba lao likauke. Nilipiga magoti kabisa. Basi lao likatoa jani kwanza, nikalia. Siku tano baadaye langu nalo likafumua, kijani kidogo kama mdomo wa kifaranga, na Kasimiri akanikuta nimenuna mbele ya muujiza wangu mwenyewe. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini.

"Mungu hakukuuliza wewe alipowachagua wao," akasema, "na hatawauliza wao akikuchagua wewe. Kachote maji."

Filomena alitimiza neno lake. Alinishika mkono kutoka nyumbani mpaka kanisani, akinikaza vidole kiasi kwamba pete yake iliacha alama, huku akitabasamu na kuitikia shikamoo za watu. Siku ile nilikuwa na furaha, sidanganyi.

Leo Filomena anaishi kwangu. Wale sita wake wametawanyika, na jina la mkubwa ni Gaudensi, kama anasoma hapa ajue mama yake anamuuliza kila siku. Macho yamefifia, namwogesha, namsagia chakula. Sijasahau shule aliyoninyima, na namwambia. Yeye hujibu kwamba nina mdomo. Jumapili najifunga kanga, namshika mkono twende kanisani, na watu wa mtaani husema nina moyo wa pekee. Wangejua. Tukifika pale kwenye ngazi huwa namkaza vidole, kidogo tu, naye hunikaza.