Nilikwenda Nyankunde Kusahihisha Neno Moja

Niliondoka Bunia kwa sababu ya upumbavu wa mtu mmoja anayeitwa Tokyo. Niseme wazi tangu mwanzo, msije mkadhani nilikwenda kubarizi. Tokyo ni fundi cherehani wa Nyankunde ambaye kila Jumamosi mchana anajigeuza mufasiri wa filamu. Anashika mikro, anasimama kando ya televisheni, na mtu wa kwenye filamu akifungua mdomo tu, yeye anawaambia watazamaji kwa Kiswahili lolote linalomjia. Mbali kabisa alikofika katika maisha yake ni Beni, hapa hapa Kongo.

Angebaki na uongo wake huko huko nisingesema kitu. Lakini uliingia mpaka nyumbani kwetu Bunia, mtaa wa Bigo. Mama mdogo wangu, Mama Masika, anakaa Nyankunde, anafua mashuka hospitalini. Mwanawe wa pekee, Kambale, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Mongbwalu. Shimo likaporomoka, wenzake wakatoka, yeye hakutoka, na mwili haukuonekana. Mvua za miaka miwili zimeshapita juu ya shimo lile na matanga hatujakaa, maana kwetu mama wa mtoto ndiye anayekubali kwanza, na Mama Masika alikataa. Baba Mukubwa Muhindo, mkubwa wa familia, amezeeka, na alikuwa na hofu moja tu: kufa kabla hajamlilia mtoto wa ndugu yake. Alipompigia simu mara ya mwisho, Mama Masika alimjibu: "Ile mama wa sinema alisema hai." Akakata.

Mama wa sinema ni mwigizaji wa Kijapani, mwanamke wa karate na upanga, ambaye filamu zake huku zinatembea kwenye flashi kutoka mfuko hadi mfuko. Jina lake hakuna anayeweza kulitamka, kwa hiyo wote tunamwita Mama Katana. Mimi ni mwalimu wa karate, watu wananiita Metre, na mwanamke huyu nimemsoma kuliko nilivyosoma kitabu chochote. Nimemtazama akiwatandika majambazi ndani ya treni, juu ya paa, hata bafuni. Mateke yake nimeyarudisha nyuma kuwaonyesha wanafunzi mpaka rimoti ikafa. Baadaye umri ulipomwingia akaanza kucheza filamu za machozi, na hizo sikujisumbua nazo. Mtu anayepasua mbao kwa kisigino anakwenda kuigiza mama anayeosha mchele! Niliona ni hasara tupu.

"Weye njo unajua Kijapani," Baba Mukubwa aliniambia. "Enda umwambie mama yako maana ya ile neno."

Ninakijua, ndiyo. Ninajua kuhesabu mpaka kumi, simama, inama, anza, na hai, ambalo wanafunzi wangu ishirini wananijibu kila jioni. Hai ni ndiyo. Hakuna zaidi. Sisi huku tukitaka kusema mtu yu hai tunasema iko muzima. Hai yetu tumeiacha kanisani, kwa Mungu aliye hai. Na Tokyo, ambaye Jumapili anawafasiria wahubiri wageni, amelisikia neno la kanisa kinywani mwa Mjapani, akaliokota bila hata kulipangusa vumbi.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, pale Bigo. Nilikuwa nimefunga kimono changu cheupe na mkanda mweusi ndani ya mfuko, ili nikisimama mbele ya watu wa Nyankunde wasiniulize mimi nani. Dereva, kijana wa maneno mengi, aliniuliza mfuko una nini. Nilipomwambia, alicheka njia nzima mpaka daraja la Shari.

Saa mbili na nusu, kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari alifungua mfuko, akatoa kimono, akakinyoosha juu kama mtu anayeanika shuka.

"Metre wa karate? Tuonyeshe teke moja, tuone."

Nilimwonyesha. Nilikuwa nimevaa viatu vya mvua na barabara ilikuwa na utelezi, hayo myajue. Wenzake wawili walikuja kutazama vizuri.

"Iko muzuri," askari akasema, akinirudishia mfuko, "lakini Mama Katana anakupita."

Nilipanda tena moto. Mtu hata kusimama sawasawa hajui, naye anahukumu mateke ya wengine.

Saa nne nilifika Nyankunde. Mama Masika alikuwa uani, anachambua maharagwe kwenye sinia. Alinipokea vizuri, akanipa chai na mihogo ya kuchemsha, akauliza habari za Bigo nyumba kwa nyumba. Amekonda, lakini mikono yake ni ile ile ya kukamua mashuka.

"Baba Mukubwa amekutuma," alisema, kabla sijamaliza chai.

"Ndiyo, Mama. Ju ya ile neno."

"Sinema inaanza saa nane," akasema. "Tutaenda pamoja."

Saa nane kamili tuliingia kwenye sale ya video. Ni nyumba ya mbao na turubai, mabenchi kumi, televisheni moja iliyowekwa juu kabisa kama Biblia, na nyuma ya ukuta jenereta linakohoa. Huyo Tokyo nilimwona mara moja: mfupi, miwani ya jua ndani ya giza, futi ya ushonaji bado shingoni. Akamsalimia Mama Masika kwa heshima na kumfutia benchi la mbele kwa mkono wake mwenyewe. Hilo pia liliniudhi.

Walianza na filamu ya kupigana. Mama Katana amezungukwa na wanaume saba, upanga wake umeangukia chini ya mkokoteni. Anautafuta, anapaza sauti: "Katana!" Jamani, katana ni upanga! Mtoto wangu wa darasa la kwanza analijua hilo. Tokyo akaruka na mikro:

"Anaita bwana yake! Katana, Katana, uko wapi, nakufa! Bwana ni Mushi wa Bukavu, muone alivyokimbia!"

Mzee mmoja wa Bukavu aliyekuwa benchi la tatu akasimama kuutetea ukoo wa Katana, maana kwao Washi Katana ni jina la watu, watu wakampigia makofi, ikabidi akalishwe kwa nguvu. Mimi nilikuwa nasaga meno. Ati bwana yake!

Kisha ikawekwa ile ya machozi. Vijana wote wakatoka wakisema ni filamu ya kulala. Tulibaki wanawake kama kumi na wanne, yule mzee wa Bukavu, na mimi. Mama Katana sasa ana mvi, nguo ya kijivu, hapigani na mtu. Anaosha mchele, anakunja blanketi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kichina, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpinga Tokyo. Akaja ofisa mwenye kofia, akasimama mlangoni, akaivua, akaongea maneno machache akitazama chini. Mama Katana akaweka mikono juu ya magoti, akainama taratibu.

"Hai," akasema.

"Iko hai!" Tokyo akapiga kelele. "Mutoto wake iko hai! Kama vile Mungu aliye hai!"

"Amina!" wakaitika wanawake.

Nilisimama. "Uongo! Uongo mutupu!"

Tokyo akasimamisha picha. "Papa, weye njo nani?"

Hapo nikatoa kimono mfukoni. Nilitaka wanione, basi wakaniona: mtu mzima amesimama katikati ya mabenchi, mkono mmoja umeingia mkononi mwa kimono, mwingine unatafuta pa kupitia. Nikawahesabia moja mpaka kumi kwa Kijapani. Wakacheka mpaka nikafika saba. Nikawaambia hai ni ndiyo, mwisho wa habari, na kwamba wamefanywa wajinga na fundi cherehani.

Tokyo hakukasirika. Alirudisha filamu nyuma mpaka ofisa anapofika mlangoni, akaninyooshea mikro. "Basi fasiria weye, Metre. Mama Masika huyu hapa, karibu yako. Mwambie."

Niliichukua. Kumbe ina uzito ile mikro. Ofisa akavua kofia.

"Anamwambia mutoto wake amekufa," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Mama Katana akainama.

"Anajibu: ndiyo."

Hakuna aliyesema amina. Nilimtazama Mama Masika nikingoja aanguke, nimsahihishe vizuri, nimpeleke nyumbani. Hakuanguka. Hakunitazama hata. Alikuwa anafuata filamu. Mama Katana akarudi jikoni, akaendelea kuosha ule mchele, akaupika, akapakua bakuli mbili. Ndipo Mama Masika akajifunga kitenge, akasimama, akamwambia Tokyo aksanti. Mimi akaniambia twende.

Saa kumi na moja jioni, jua bado liko, alinikalisha uani na kuendelea na maharagwe yake. Nilianza kumweleza tena habari ya neno. Akanikatiza.

"Metre, weye unafikiri miye ni mujinga? Mama anayeambiwa mutoto wake iko muzima anainama vile? Angeruka. Angepiga kigelegele, vyungu vingepasuka. Miye nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikamuuliza: "Sasa ju ya nini ulimwambia Baba Mukubwa alisema hai?"

"Si alisema hai?" Akatupa kokoto pembeni. "Munanipigia simu mbio mbio, Mama unakubali, Mama hukubali, kama watu wanauliza bei ya maharagwe. Niliwapa neno moja, mukae nayo."

"Na kila Jumamosi unakwenda kutafuta nini?"

"Kuangalia. Nilitaka kujua, akishainama, anafanya nini. Ofisa amekwenda, mulango umefungwa. Inabidi mutu afanye kitu." Akatupa kokoto nyingine. "Anamaliza mchele. Anapakua mbili. Moja anakula, ingine anaiacha. Mara ya kwanza nililia mpaka mwisho, sikuona. Mara ya nne njo niliona anakula."

Nikasema kwa unyonge kwamba ile filamu mimi sikuwahi kuitazama, nimeona za kupigana tu.

"Najua. Weye miaka yote unamuangalia miguu. Sura yake haujaiona hata siku moja."

Niliumia, sitaficha. Nimetoka Bunia na mkanda wangu kuja kuwadharau watu wanaodanganywa, na katika nyumba ile ya mbao aliyekuwa hajaelewa filamu ni mimi. Yule Tokyo, na miwani yake, alikuwa amemfutia benchi kwa sababu alijua ni benchi la nani. Hilo halimfanyi mufasiri. Bado ni mwongo, na nitalisema popote.

Jumapili asubuhi, baada ya misa, moto ilikuwa inanguruma barabarani. Mama Masika alitoka ndani akiburuta gunia la maharagwe, yale aliyokuwa anachambua, gunia limeshonwa mdomo kwa uzi mzuri wa fundi. Nililiinua nikashangaa uzito. Mtu mmoja aliyetumwa hapewi maharagwe kiasi kile.

"Mama," nikasema, "nimwambie Baba Mukubwa aweke siku ya matanga?"

Aliweka mikono juu ya magoti, akainama taratibu, mgongo umenyooka kuliko wa mwanafunzi wangu yeyote.

"Hai," akasema.

"Hai ya Kijapani, ao ya kwetu?"

Akanipiga begani kidogo, akanisukuma kuelekea moto. "Enda. Mvua inakuja."

Kwenye bariere, askari yule yule aliona gunia, akauliza leo sionyeshi teke? Nilimwambia leo hapana. Akatuachia njia.

Saa saba niliingia Bigo. Baba Mukubwa alikuwa amekaa mlangoni, na kwa jinsi alivyoshika fimbo nilijua amekaa hapo tangu asubuhi.

"Alisema nini?"

"Alisema hai."

"Tena!" Akapiga fimbo chini. "Nilikutuma kuifasiria hiyo neno, Metre. Kwa Kiswahili ni nini?"

Safari hii, mimi niliyefasiria kwa mikro mbele ya wanawake kumi na wanne, nilirudi kwenye moto. Nikateremsha gunia, nikaliweka miguuni pake. Baba Mukubwa akainama, akalishika kwa mikono miwili, akajaribu kulinyanyua, likamshinda. Akapapasa ule mshono.

"Hii inapikiwa watu wengi," alisema polepole.

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya gunia, akaanza kumlilia Kambale.