Mbuzi Niliowaita kwenye Picha

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Lakini macho ninayo, na kwa macho sijashindwa na mtu Garissa hii.

Mjukuu wangu alishinda juma zima mbele ya kitambaa kilichowambwa kwenye mbao, akigonga nukta kwa ncha ya brashi: njano, buluu, nyekundu, bila kuzichanganya. Alipoiegemeza picha ukutani ikauke, niliinama nikaitazama, nikamwambia ukweli: nzi wamekunya hapa. Akaendelea kuosha brashi. Mwalimu wake, mama mmoja wa kutoka milimani, alikuwa anakuja alasiri hiyo kuamua kama picha itaenda kwenye maonyesho ya kaunti.

Nikaenda kufungua lango. Nilipogeuka, mbuzi wangu hao uani, vumbi limewapanda migongoni, miti ya mathenge nyuma yao kijani kibichi. Wamepitia wapi? Nikawapigia mluzi wa kuwaita majini.

Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Ayeeyo, bibi yangu, unaita picha."

Sikuona haya. Nilisogea: mbuzi wakavunjika wakawa nukta, na kijani hakipo, ni njano na buluu zimekaa jirani. Nikarudi nyuma, kijani kikaja. Nikaenda, nikarudi, kama mtu aliyepoteza kiatu. Hata kivuli chini ya mti hakikuwa cheusi. Kilikuwa zambarau, na kweli ndivyo kilivyo. Miaka yote nimekikalia sijakiona!

Mwalimu alifika, akainama palepale nilipoinama mimi. Akasema haijakamilika, labda mwaka ujao. Mjukuu wangu akawa anajikwangua rangi vidoleni. Nikamshika mwalimu mkono, ruhusa sikuomba, nikampeleka hadi langoni.

"Sasa geuka. Sisi mifugo tunaijua ikiwa mbali. Vumbi kwanza, kisha rangi, kisha mnyama."

Akageuka. Akakunja macho.

"Mama, yule mwenye sikio jeusi ni wako?"

"Wangu. Amenizalia mapacha mara mbili."

Alirudi mbio kama msichana, akamwambia mjukuu wangu aifunge vizuri isichubuke, wanaondoka nayo kesho asubuhi. Mimi nikamwagiza mwalimu jambo moja tu: huko ukumbini aitundike ukuta wa mwisho kabisa, na watu waanzie kuitazama mlangoni.