Gari la Wazi, Gari la Kazi

Kila mtu alimwita Dizeli. Jina hilo alipewa na madereva wenzake enzi za ujana, kwa kuwa alikataa katakata kukalia usukani wa kitu chochote kinachokunywa petroli, na likamganda mpaka watoto wa mtaani wakadhani ndilo alilopewa na mama yake. Maisha yake yote aliendesha malori. Hakubadili gia kwa kutazama mishale ya dashibodi. Injini aliisikiliza kwa nyayo. Ikitetemeka hivi, panda. Ikinguruma vile, shuka. Alistaafu akiwa hajagonga hata kuku, na jambo hilo hakuchoka kuwasimulia watu, wakiwamo waliokwisha kusimuliwa.

Asichowasimulia ni kwamba masikio yalikuwa yamekwisha. Malori yalimlisha, yakamsomeshea binti yake, kisha yakajilipa kwa masikio. Ujanja wake wa kuficha ulikuwa mmoja tu: kutikisa kichwa na kusema, "Ni kweli kabisa." Ukimwambia mvua itanyesha, ni kweli kabisa. Ukimwambia jirani amefiwa, ni kweli kabisa, na tabasamu juu yake. Watu wakamwona mzee mpole asiyependa ubishi.

Hakuficha kwa kiburi. Alificha kwa woga. Binti yake alikuwa muuguzi, ameshona vichwa vingi vilivyotoka barabarani, na siku moja mezani alimwambia, "Baba, siku ukianza kutosikia honi, funguo unanipa mimi." Hilo, kwa bahati mbaya, Dizeli alilisikia vizuri. Lori alikwisha kunyang'anywa na umri. Akinyang'anywa na usukani wenyewe, atabaki nani?

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta huo aliutazama miaka mingi kuliko alivyomtazama mumewe, maana mume alikuwa njiani. Jioni moja, akiwa anakata nyuzi, alisema jambo bila kuinua uso. Dizeli, kwenye kiti chake karibu na mlango, alisikia hivi: "Mume wangu, zile akiba zetu tununue gari la kazi."

Moyo wake uliruka. Gari la kazi! Tayari aliiona pikapu, na yeye ndani yake, kiwiko dirishani, akibeba mbao za watu na magunia ya watu, ameanza upya. "Ni kweli kabisa," akasema, na safari hii alimaanisha. "Ila liwe la dizeli." Mkewe aliacha mkasi hewani. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa amepewa ndiyo kabla hajamaliza kuomba. Akasema mambo ya dizeli na petroli watayajua huko huko.

Huko huko palikuwa ni uwanja wa magari yaliyotumika, na mwuzaji mwenye viatu vinavyong'aa kuliko bidhaa yake. Aliwapitisha kwenye safu ya pikapu. Dizeli akaipiga moja kofi la upendo ubavuni, lakini mwuzaji hakusimama. Akaenda nao mpaka mwisho wa uwanja, mbele ya magari mawili madogo, moja jekundu na moja la bluu, yote mawili mapaa yamekunjwa nyuma. Mkewe akajishika mdomo kama msichana.

Dizeli alitazama mahali ambapo paa lilipaswa kuwa, akaona anga. Ndipo neno likajigeuza lenyewe kichwani mwake. Si kazi. Wazi. Mke wake alikuwa ameomba gari la wazi, na yeye amekubali, tena kwa sharti. Aliona wazi kwamba ameula wa chuya. Angeweza kusema pale pale kwamba alisikia vibaya, lakini kusema hivyo ilikuwa sawa na kumpelekea binti funguo kwenye sinia. Akatikisa kichwa.

Mwuzaji akaeleza. Jekundu ni la petroli: injini tulivu, nyepesi, inafaa kwa mizunguko ya mjini, na hata paa likiwa limekunjwa mnasikilizana vizuri. La bluu ni la dizeli: linakunywa kidogo, lina nguvu mlimani, lakini lina sauti, na lina chujio la moshi. Ukiliendesha sokoni na kurudi tu, siku zote, chujio linaziba kwa masizi. Linataka safari ndefu, lipate moto, liyachome. Alikuwa mkweli, tumpe haki yake: aliwashauri wazee wachukue petroli.

Mkewe naye alikuwa ameshachagua jekundu. Akamshika Dizeli mkono wa shati, akamsogelea, akamwambia sababu. Ndoa yao nzima mke alikuwa kwenye cherehani na mume yupo njiani. Siku za kuwa nyumbani alilala. Sasa amestaafu, kila anachoambiwa anakubali, hana neno. "Nataka gari la kuzungumzia," alisema. "Tukae pamoja, upepo utupige, tuongee. Hiyo dizeli itatuzidi sauti."

Hayo aliyasikia yote, nayo yalimchoma. Basi liwalo na liwe, akaingia kwenye jekundu, mke akakaa kando yake, mwuzaji akasimama mlangoni. Dizeli akazungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja, kwa adabu, kimya kimya. Nyayo zake hazikuambiwa kitu. Akadhani haijashika, akazungusha tena. Stata ikapiga yowe. Mwuzaji akafumba macho, akasema, "Imeshawaka, mzee." "Ni kweli kabisa," alijibu Dizeli, akazungusha mara nyingine. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Waliosema hivyo hawakujua kwamba kilio chenyewe kinaweza kutoka kwenye stata.

Mkewe akaweka kiganja juu ya mkono ulioshika ufunguo. Akamwomba mwuzaji akawaletee funguo za lile la bluu, na alipokwisha kwenda, akamgeukia mumewe uso kwa uso.

"Huisikii?"

Kichwa cha Dizeli kilikwisha kuanza kutikisika. Akakizuia.

"Siisikii," alisema. Na kwa kuwa mlango ulishafunguka, akaona bora mzigo wote utoke. "Hata hili gari, mimi nilisikia gari la kazi. Nilidhani tunakuja kununua pikapu."

Mwanamke alimkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akalaza paji la uso kwenye dashibodi, na Dizeli, aliyekuwa amejiandaa kuonewa huruma, akajikuta naye anacheka. Mkewe alipoinua uso, machozi yake hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema. "Naongea, unatikisa kichwa. Nikajua basi, maneno yangu hayana ladha tena."

Dizeli akauachia ufunguo. Alimpenda mwanamke huyu kuliko barabara zote alizopita, na kumbe miaka yote ya kulinda funguo alikuwa akimwacha peke yake na ule ukuta wa jirani.

La bluu lilipowashwa lilitikisika kuanzia sakafuni. Nyayo zikapata salamu, na uso wa mzee ukafunguka. Mkewe aliuona. Akamwambia mwuzaji wanachukua hilo. Mwuzaji, kwa nia njema, akamkumbusha habari ya chujio na safari ndefu.

"Mwanangu, mimi nina maneno ya ndoa nzima," alijibu mkewe. "Hayawezi kuisha kwa kwenda sokoni na kurudi. Na paa likiwa wazi kila mtu anapayuka. Nani atajua asiyesikia ni nani?"

Kabla ya safari, lakini, daktari wa masikio. Neno hilo Dizeli alilisikia barabara, akajifanya hakusikia. Mkewe akalirudia. Daktari akampa kifaa kidogo cha kuvaa sikioni, akamruhusu kuendesha mradi akivae na kutazama vioo vyake. Binti alinuna kidogo, akapanda naye akamzungusha mjini mtihani mzima, akashuka bila kudai funguo.

Siku ya safari ya kwanza walikunja paa tangu nyumbani. Upepo ulivuma, injini ikanguruma, na kile kifaa, maskini, kikazidiwa. Mkewe akasema jambo. Kichwa cha Dizeli kikaanza kwenda chini kwa mazoea yake, kikasita.

"Sikusikia, mke wangu. Sema tena."

Maneno hayo hakuwahi kuyasema tangu masikio yalipoanza kumwacha. Fundi cherehani akajaza kifua pumzi.

"Nimesema, umependeza!"

Watu wawili waliokuwa wakivuka barabara waligeuka kuangalia. Dizeli akapanda gia kwa nyayo. Safari hii alikuwa amesikia kila neno, na akamwomba arudie.