Tumbo Langu na la Ndama

Juzi nilimpeleka binti yangu Izimbya, kwa dada yangu anayetunza kibanja cha bibi. Dada alimkaribisha kwa kikombe cha maziwa ya pakiti, ameyachemsha vizuri. Mtoto akayatazama, akasema mbele ya wageni wote, "Asante shangazi, lakini maziwa yananiharisha." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Utasema ni jambo dogo, rafiki yangu. Si dogo kwa mtu aliyelelewa na bibi yule.

Nilipokuwa shule ya msingi niliishi naye, mimi na yeye tu. Alikuwa na ng'ombe mmoja na ndama wake, bandani nyuma ya jiko. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea maganda ya ndizi tulizomenya, na kuzoa samadi kuipeleka kwenye migomba. Jioni, ebitoke, zile ndizi zetu, na maharage vikitokota jikoni, nilimsikia ng'ombe akicheua taratibu bila wasiwasi wowote. Nilimwonea wivu. Yeye kila kitu kilimkubali.

Asubuhi bibi alikamua, akanimiminia kikombe kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi wa nyasi. "Anayekataa maziwa amemkataa mwenye nyumba," alikuwa akisema. Basi nilikunywa. Na Jumapili moja kanisani, katikati ya sala ya kimya, tumbo langu likanguruma mpaka jirani yetu wa benchi la mbele akageuka. Nilitoka mbio, nikakatiza kwenye mibuni ya kanisa, na sikufika chooni salama. Kuanzia siku hiyo watoto waliniita Ngurumo.

Baada ya hapo, bibi akigeuka tu, maziwa yangu nilimpa ndama. Ndama akanenepa. Mimi nikabaki na mbavu zangu, na bibi akawa ananitazama bila kuelewa.

Kumbe kulikuwa na maelezo, niliyapata darasani. Mwalimu wa sayansi alichora ubaoni tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne. Akasema ndama akinyonya, maziwa hupita moja kwa moja mpaka chumba cha nne, ndiyo maana yanamfaa. Binadamu ana tumbo moja tu, lisiloweza kumeng'enya majani, na wapo watu ambao wakishaacha kunyonya, hata maziwa huwasumbua. "Nani hapa yanamsumbua?" akauliza. Darasa zima likanigeukia. Nikainamia dawati, sikunyoosha kidole.

Kesho yake bibi alinifuma bandani, kikombe kitupu mkononi na povu mdomoni mwa ndama. Hakunichapa. Alikaa kwenye kigoda, akaitazama mikono yake.

"Mawe, mama yangu! Kumbe unaniona kinyaa," akasema. "Mikono imezeeka, inanuka samadi. Sema tu, mjukuu wangu."

Afadhali angenichapa. Niliangua kilio, nikamwambia yote: kuhara, kanisani, mwalimu. "Waitu, tafadhali bibi, si mikono yako. Ni tumbo."

Bibi aliinuka kwenye kigoda. Akachungulia nje kama mtu anayehofia kusikiwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi."

Alikuja pale akiwa bibi harusi, mama mkwe akampa kikombe cha maziwa. Angesemaje? Maisha yake yote alikuwa akigusisha midomo tu, mengine akiyarudisha kwenye chungu cha mgando, ambao tumbo lake liliukubali. Tangu siku hiyo tukawa tunakunywa mgando pamoja, mlango wa jiko umefungwa. Wageni wakija, aliwamiminia maziwa mabichi, wakashukuru, "Kasinge waitu," na sisi tukakwepana macho tusicheke. Hatukumwambia mtu. Aibu ile ilikuwa yetu wawili.

Sasa bibi amelala kaburini, pale pale kibanjani. Banda halipo, migomba imedhoofika kwa kukosa samadi, na kibuyu sijui alikichukua nani. Hata harufu ya moshi wa nyasi ndani ya maziwa, binti yangu haijui.

Basi juzi, dada alikuwa bado amekishika kile kikombe, uso umemshuka. Wageni walinitazama, wakisubiri nimkemee mtoto. Nilifungua mdomo nimkemee kweli. Masikio yaliniwaka moto, mtu mzima mwenye mvi, kama siku ile ya kanisani.

"Hata mimi," nikasema. "Na bibi vilevile."