Udongo wa Nyuma ya Kaburi

Katika kijiji kizima cha Petta hakuna aliyekandika nyumba kama Abbo. Udongo wake, wa rangi ya waridi iliyopauka, aliuchimba nyuma ya kaburi la mumewe, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, kisha akausugua ukutani kwa kiganja hadi ukang'aa.

"Nyumba imejipodoa kuliko bibi harusi," shemeji yake Okochi alimtania. "Ukuta huu utakuozesha tena."

"Nawe kaa na nyufa zako, shemeji. Nyoka nao wanahitaji pa kulala."

Siku wapimaji wa kampuni ya kigeni walipopita, dereva wao aligusa ukuta. "Mama, hii udongo unatoa wapi?"

Abbo, kwa fahari, akawaonyesha. Hakujua kwamba udongo huo ulikuwa na madini adimu ya kutengenezea mota za magari ya umeme, wala kwamba mataifa mawili makubwa yalikuwa yakiyagombania. Haukupita mwezi, kampuni ya taifa la pili nayo ikafika na kibali chake na walinzi wake. Kila upande ulidai kilima ni chake. Walipatana kwa neno moja tu: kaburi liondoke.

"Mume wangu hahami," Abbo aliwajibu wote.

Jumanne asubuhi walinzi wa pande mbili walikutana uani pake. Yalianza mawe, yakafuata marungu. Tingatinga lilipoelekea kaburini, Okochi alisimama mbele yake na panga. Mlinzi aliyejaribu kumkamata, Okochi alimkata bega hadi mfupa ukaonekana. Mlinzi mwingine akampiga Okochi risasi ya shingo. Alianguka juu ya kaburi la kaka yake. Abbo aliliziba jeraha kwa viganja vyote viwili, damu ikampenya vidoleni, mpaka kitako cha bunduki kikamvunja taya.

Alipotoka hospitalini Tororo, palipokuwa na kaburi palikuwa shimo. Mifupa ya mumewe ilikuwa jikoni, ndani ya mfuko wa saruji. Kuta zilikuwa zimekwanguliwa hadi kwenye fito. Hata ule udongo wa ukutani walikuwa wameuchukua.

Aliwazika ndugu wale wawili kijijini Paya, kwenye ardhi ya baba yake mzazi, mahali ambapo hakuna mwanamume wa ukoo wao aliyewahi kulazwa. Kando yao alijenga kibanda cha fito.

Majirani humwuliza kwa nini hakikandiki, na mvua inaingia. Abbo, ambaye taya lake halikuunga sawasawa, husogeza kitanda mahali pakavu.