Nyota Mbili Chini ya Nyota Tatu

Kwetu Kongo, mtu akitoa bendera ya zamani kwenye sherehe, ile ya kijani yenye mwenge, hatuna haja ya kumuuliza: anamtamani rais wa zamani. Hapa Uswidi niliona arusi moja kule Jakobsberg ikivurugika kwa ajili ya kitambaa hicho hadi wali ukapoa. Kwa hiyo mwaka ule Waarabu walipoanza kuandamana, na jirani yangu, mwanamke Msiria, hapa Hallunda akatundika kwenye roshani bendera ya zamani ya kwao, kijani, nyeupe na nyeusi yenye nyota tatu nyekundu, nilimwambia mume wangu kwamba huyu naye ana mtawala wake anayemlilia.

"Achana na bendera za batu, mama," akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu Kongo.

Kumbe sivyo. Tukingoja mashine kwenye chumba cha kufulia, jirani alinieleza kwamba hiyo ni bendera ambayo nchi yao ilikuwa nayo Wafaransa walipoondoka. Waandamanaji wameifufua kwa sababu ile nyingine, nyekundu, nyeupe na nyeusi yenye nyota mbili za kijani, ni ya serikali iliyomfunga kaka yake. Tatizo lilikuwa baba yao. Kwa mzee, nyota mbili zilikuwa Misri na Siria, siku zilipoungana, yeye akiwa kijana, akiamini Waarabu wote watakuwa nchi moja. Serikali iliichukua bendera hiyo baadaye tu. Alitaka kuandamana Jumamosi kwa ajili ya mwanawe, na bendera yake ya nyota mbili mkononi. Jirani, bintiye, alimwambia akija nayo, hatasimama naye.

Ijumaa mzee akabisha hodi kwangu, kwa kuwa nashona nguo za watu nyumbani. Akaitandaza bendera mezani. Kwa Kiswidi chetu cha kuokoteza akanielekeza: mkanda mwekundu utoke, uingie wa kijani, na katika ule mwekundu nikate nyota tatu. Nikamwambia kushona mpya ni rahisi zaidi. Akakataa. Kijani nilikuwa nacho, mabaki ya sare za kwaya yetu. Nilipochukua wembe nifumue zile nyota mbili, akaushika mkono wangu.

"Hizo ziache. Nyekundu ziweke juu ya hizo, na ya tatu katikati."

"Zitaonekana kwenye mwanga."

"Najua," akasema.

Mimi si mtu wa maandamano, lakini Jumamosi nilikwenda mjini kuitazama kazi yangu. Jua lilikuwa nyuma ya mzee, na ndani ya nyota za pembeni kivuli cha kijani kilionekana wazi kabisa. Binti alikuja, akatazama. Akapapasa nyota moja, akahisi unene wake. Mzee hakumwangalia. Nilimwonea mzee huruma, na sikupenda, maana haya hayakuwa yangu.

Binti akashika ncha ya pili ya bendera, wakaanza kutembea.